UZI: Shimo la mita 39 jirani na Big Ben (stesheni ya Westminster, London)

Timazi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Niliahidi uzi huu kule kwenye mjadala wa SGR, jamaa mmoja aliposema stesheni ni stesheni tu, paa na viti. Leo kazi imeisha mapema na nje mvua inanyesha, acha nilipe deni.

Nimefunga nondo Dar miaka saba kabla ya kuja huku. Kwa hiyo nikiingia kwenye jengo, cha kwanza ninachotafuta ni linasimamaje. Marumaru baadaye. Siku ya kwanza kushuka Westminster kubadilisha treni niliganda kwenye ngazi za umeme, tena upande wa kushoto, na huku kushoto ni kwa wanaopita. Nilisonywa na kila aliyevaa suti. Sikujali, nilikuwa natazama juu.

Lile ni shimo. Shimo la pembe nne, kina mita 39, kuta za zege tupu lisilopigwa plasta wala rangi. Mabomba mazito ya chuma yamekatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati yake ngazi za umeme zinapishana juu kwa juu kama kamba za kuanikia nguo uani. Nikajiuliza swali la kifundi kabisa: hizi propu (mihimili ya muda ya kuzuia kuta wakati wa ujenzi) wamesahau kuzitoa?

Hawajasahau. Uzi mzima unahusu hilo. Kaeni.

Kiroboto wa Ubungo

Nimeweka kiti cha mbele. Lete.

Timazi

Tuanze na stesheni ya juu, maana pale ni stesheni mbili zilizopandana.

Ya zamani ilifunguliwa tarehe 24 Desemba 1868, kwa jina la Westminster Bridge, kwa sababu daraja liko pale pale. Karibu miaka sita kabla yake, Januari 1863, London ilikuwa imefungua reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani. Treni zilikuwa za mvuke, ndiyo, makaa ya mawe yanawaka ndani ya handaki. Njia yenyewe haikutobolewa kama tundu la panya. Walichimba mfereji barabarani, wakajenga kuta za matofali, wakafunika juu. Ndiyo maana reli hii, ambayo leo ni laini za District na Circle, iko karibu sana na uso wa ardhi. Unashuka ngazi chache tu umefika.

Kipande cha kutoka pale kwenda mashariki kilikwenda sambamba na ujenzi wa ukuta wa mto Thames, ule wa mhandisi Joseph Bazalgette, wenye bomba kubwa la maji taka ndani yake. Mto umesukumwa nyuma, barabara juu, maji taka na treni chini. Jina likafupishwa kuwa Westminster mwaka 1907. Miaka ya 1920 msanifu Charles Holden akaitengenezea mlango mpya. Mshikeni huyu Holden, nitamrudia.

Baada ya hapo, kimya. Stesheni ndogo ya kawaida mbele ya Bunge.

Chuma Ulete

Mkuu, kichwa cha uzi ni shimo la mita 39, hapa nasoma habari za maji taka. Twende kwenye shimo.

Timazi

Haraka ya nini, chai ipo. Haya.

London ina laini inaitwa Jubilee, ilianza 1979 na kuishia Charing Cross, katikati ya jiji. Miaka ya 1980 bandari za zamani za mashariki zikageuzwa mji wa mabenki, Canary Wharf, na watu maelfu wakawa hawana namna nzuri ya kufika kazini. Uamuzi ukawa kuirefusha Jubilee hadi Stratford, kilomita 16, stesheni 11. Ujenzi ulianza Desemba 1993.

Aliyewekwa kusimamia usanifu ni Roland Paoletti, mtu aliyetoka kufanya kazi kwenye reli ya chini ya Hong Kong. Hakuchora stesheni moja akaikopi mara kumi na moja. Stesheni kubwa aliwagawia wasanifu mbalimbali: Canary Wharf kwa Norman Foster, North Greenwich kwa Will Alsop, Southwark kwa Richard MacCormac, Westminster kwa Michael Hopkins. Kila mmoja na mkono wake, ila wote ni usanifu wa kisasa na masharti ni mamoja: nafasi kubwa, msafiri aone anakokwenda, zege na chuma viachwe vionekane.

Hopkins alikuwa na mzigo wa ziada. Juu ya stesheni hiyohiyo alitakiwa kujenga ofisi za wabunge zaidi ya 200, jengo linaloitwa Portcullis House. Kwa hiyo stesheni ndiyo msingi wa jengo. Katikati, reli ya 1868 inapita na safari zake hazikutakiwa kukatizwa hata siku moja. Na ng'ambo ya barabara, mita 34 kutoka ukingo wa shimo, umesimama mnara wa Big Ben, zaidi ya mita 90 kwenda juu, kwenye msingi wa zege wenye unene wa mita 3 hivi.

Fundi yeyote humu ameshakunja uso.

Fundi Nondo

Nimekunja hadi shingo. Msingi wa mita tatu juu ya udongo gani?

Timazi

Chini kabisa ni udongo wa mfinyanzi. Udongo wa London ni mfinyanzi mgumu wa bluu-kijivu, mzuri kwa kutoboa mahandaki, unakatika kama sabuni ya mche. Ila una tabia: ukiutoa sehemu moja, wa pembeni unasogea taratibu kuziba nafasi. Utoboe handaki kwa uangalifu wote, juu bado patatitia milimita kadhaa. Shamba au kiwanja cha mpira hakisemi kitu. Mnara wa mawe wenye saa inayotazamwa na dunia nzima utasema.

Na hofu haikuwa ya kufikirika. Oktoba 1994, kazi ikiwa imeanza, mahandaki ya mradi mwingine wa reli yaliporomoka uwanja wa ndege wa Heathrow. Hakuna aliyekufa, lakini njia waliyotumia kuchimba pale ilisimamishwa hata kwenye Jubilee mpaka wakaguzi waridhike.

Mzee wa Theodolaiti

Kijana, nimekufuata kimyakimya. Nimepima barabara na misingi miaka thelathini na minne, nimestaafu. Hebu eleza walivyochimba, maana shimo la kina hicho ukilichimba kwa kawaida ya kutoka juu kwenda chini na kisha kuanza kujenga kutoka sakafuni, kuta zitaingia ndani kabla hujamwaga zege la kwanza.

Timazi

Shikamoo mzee. Ndivyo hasa, wao waligeuza utaratibu.

Kwanza walijenga kuta kabla ya kuwa na shimo. Wanachimba mfereji mwembamba wa kina kirefu, unajazwa tope maalumu linalozuia pande zisianguke, wanazamisha nondo, wanamwaga zege kutoka chini na tope linapanda juu kutolewa. Ukuta wa unene wa mita 1 umekaa ardhini, udongo bado uko pande zote mbili. Kisha ndani ya kuta hizo wanachimba kidogo, wanamwaga sakafu au kuweka mihimili inayokaza kuta, wanashuka chini ya sakafu hiyo, wanachimba tena, wanakaza tena. Jengo linakua kichwa chini miguu juu. Kila hatua, kuta mbili zimeshikana mikono kabla udongo haujapata nafasi ya kusukuma.

Sasa rudini kwenye swali langu la propu. Pale Westminster yale mabomba ya chuma ndiyo mikono yenyewe. Udongo upo nyuma ya ukuta na unasukuma hadi leo hii, na chuma kile kinaujibu. Mahali pengine wangekificha kwenye dari la bodi nyeupe. Hopkins akakiacha wazi na kupenyeza ngazi za umeme katikati yake. Unashuka kazini huku unapita ndani ya propu. Kwangu ndio uzuri wote wa stesheni ile, mengine ni nyongeza.

Bint Mwembetanga

Ahsante kwa uzi. Mie si fundi, lakini hili la kuonesha kinachobeba silioni geni. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ukitazama dari unaona boriti za mikoko zimepangwa moja moja. Bibi alikuwa akisema vyumba vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Yaani mti ndo uliamua upana wa chumba, na mti wenyewe ukauona juu ya kichwa chako ukilala.

Timazi

Dada umenifundisha. Ndiyo mantiki ileile, ila kule mti uliamua upana, huku udongo uliamua kila kitu.

Mkamba wa Reading

Boss, kwanza hongera. Mimi hupita hapo kila Jumanne. Lakini wacha niulize: mbona hauoni reli mbili za Jubilee zikiwa pamoja? Ukikosea ngazi unajipata kwenye treni ya Stratford ukitaka kwenda Stanmore. Imenifanyikia.

Timazi

Ha ha, hata mimi. Majukwaa yamepandana, moja juu ya jingine. La kwenda mashariki, yaani Stratford, liko juu, la magharibi, yaani Stanmore, liko chini yake, na yote yako nje ya lile shimo kubwa la zege, sanduku tuliite, kwenye mahandaki ya pembeni.

Sababu ni mnara huohuo. Mahandaki mawili yakilala ubavu kwa ubavu, upana wa ardhi inayotitia juu unaongezeka. Yakipandana, kutitia kunabanwa kwenye ukanda mwembamba. Kwa hiyo Mkamba, siku ile ulipopotea njia, lawama zote ni za Big Ben.

Kiroboto wa Ubungo

😂😂 Mwambie bosi wako hivyo ukichelewa.

Mzee wa Theodolaiti

Marahaba. Sasa fika kwenye kipimo. Mnara uliwekwaje salama?

Timazi

Hapa ndipo anaingia Profesa John Burland wa Imperial College. Huyu mzee alikuwa anaujua udongo wa pale kama kiganja chake, kwa sababu miaka ya 1970 alishiriki kwenye maegesho ya magari yaliyochimbwa chini ya uwanja wa Bunge, zaidi ya mita 18 kwenda chini, mguuni pa mnara huohuo. Ndiye pia baadaye alikuwa kwenye kamati iliyouokoa mnara ulioinama wa Pisa kule Italia. Yaani ukiwa na mnara na wasiwasi, unampigia huyu.

Walichofanya: kabla ya kuchimba, walisukuma mabomba ya chuma kwa ulalo, marefu kufikia mita 50, yakapita chini ya msingi wa mnara. Mabomba yana vitundu. Kazi ya kuchimba ikiendelea, vipimo vinasomwa muda wote, ikiwa ni pamoja na timazi ya mwanga ndani ya mnara wenyewe. Mnara ukianza kuinama kuelekea shimo, wanasukuma uji wa saruji kupitia vitundu vya upande ule unaotitia tu, kiasi kidogo kwa kipimo, udongo unajaa, mnara unatulia. Wanapima tena. Kuchimba, kupima, kupiga uji. Miezi na miezi.

Lengo halikuwa mnara usisogee kabisa. Lengo lilikuwa usivuke kiwango kilichokubalika, na mwendo ukazuiwa usizidi milimita 35. Milimita 35, wakuu. Kalamu ya risasi iliyobaki kipande.

Chuma Ulete

Lakini niliona kwenye habari kwamba Big Ben umeinama. Kwa hiyo profesa alishindwa?

Timazi

Umeinama kidogo kweli. Taarifa za mwaka 2011 na 2012 zilitaja nyuzi 0.26, karibu nusu mita ukipima kileleni, kuelekea kaskazini-magharibi. Lakini mnara ulishaanza kuinama kabla ya Jubilee, mnara wa mawe wa karne ya 19 huwezi kuukuta umenyooka kama rula. Burland mwenyewe alisema ingehitajika maelfu ya miaka kwa mwendo huo kabla ya watu kuanza kukosa usingizi. Mwaka huohuo wa 2012 mnara ulibadilishwa jina ukaitwa Elizabeth Tower, ila hakuna anayeuita hivyo mtaani.

Fundi Nondo

Tuseme ukweli tu. Kwetu unachimba beismenti, jirani anakuja kukwambia ukuta wake umepata ufa, unamjibu "ulikuwepo tangu zamani mama". Baada ya ile ghorofa ya Kariakoo Novemba 2024 mimi nikisikia neno beismenti nauliza kwanza jirani kapigwa picha? Kuta zake zimewekewa alama? Site moja niliyokuwapo, silitaji jina, kipimo cha jirani kilikuwa jicho la msimamizi.

Mzee wa Theodolaiti

Jicho la msimamizi na chupa ya maji iliyolazwa ubavuni. Niliyaona.

Timazi

Mzee 😂 chupa ya Uhai tena.

Niongeze jambo moja ambalo wasafiri hawalijui kabisa. Ile reli ya 1868 inayopita juu ya shimo ilikuwa juu mno, haikuacha nafasi ya sakafu ya jengo jipya kukaa sawa na barabara. Wakaishusha milimita 300. Bila kuifunga! Usiku treni zikilala wanaishusha kidogo, asubuhi abiria wanapita, usiku unaofuata tena kidogo. Abiria walikuwa wakishushwa polepole na hawakuhisi chochote.

Mbishi wa Kimara

Nipo kinyume kidogo. Umeandika huko juu ni usanifu wa kisasa. Mimi nimesoma mambo haya kidogo, ile mnayoiita ya kisasa kwenye reli ya London ni ya Holden, miaka ya 1930. Stesheni za Arnos Grove, Southgate. Duara, matofali, taa safi. Hii ya Hopkins ni mashine. Wengine wanaiweka kwenye ukoo wa wasanifu Foster na Richard Rogers, wa kuonesha mabomba.

Timazi

Ubishi wa maana huu. Nakubali nusu.

Holden na Frank Pick, kiongozi wa reli ile aliyempa kazi, ndio waliofanya reli ya London iwe na sura moja kuanzia miaka ya 1920. Arnos Grove ya 1932 ni ngoma ya matofali, mviringo juu ya mraba, nguzo moja tu katikati imeshika paa kama mwavuli. Ukiingia unaelewa jengo kwa sekunde mbili. Hakuna ua, hakuna malaika wa plasta. Hilo ndilo Hopkins alilirithi: mambo yasiyo na kazi yaondoke.

Tofauti ni kwamba stesheni nyingi za Holden zinazopendwa sura yake iko juu, barabarani. Unaiona ukiwa mbali, inakukaribisha. Westminster haina sura. Mlango wake ni ngazi za kawaida chini ya jengo la ofisi, watalii wanaukosa wakiwa mbele yake. Jengo lote limezama. Kwa hiyo ndiyo, ukoo wa Foster, na Hopkins aliwahi kufanya kazi naye. Ila kusema ni mashine tu unamwonea. Mashine haina ukimya wa aina ile saa tano usiku.

Mbishi wa Kimara

"Ukimya wa aina ile." Sawa mshairi. Na ubaridi je? Kijivu juu ya kijivu. Mke wangu alisema ni gereza lenye ngazi za umeme.

Timazi

Shemeji hajakosea sana, wengi wanasema hivyo, na mimi Januari nikitoka zamu ya usiku huwa natamani waweke hata mstari mmoja mwekundu. Lakini kumbukeni Novemba 1987 stesheni ya King's Cross iliungua, watu 31 wakafa. Moto ulianzia chini ya ngazi ya umeme ya mbao, kwenye grisi na takataka, kwa njiti ya kiberiti iliyoangushwa. Baada ya hapo kila kinachoingia chini ya ardhi kinaulizwa: kinaungua? kinatoa moshi? Zege na chuma vinajibu hapana. Njia pana, ngazi nyingi, lifti hadi jukwaani, yote yametoka kwenye kizazi kile cha sheria. Hata zile kuta za kioo kwenye ukingo wa jukwaa, milango inayofunguka treni ikishasimama, Jubilee ndiyo ya kwanza kuwa nazo kwenye reli ya London.

Chuma Ulete

Gharama?

Timazi

Laini nzima ilikisiwa pauni bilioni 2.1, ikaishia karibu 3.5. Ilichelewa pia. Serikali ilitaka iwahi sherehe za mwaka 2000 kule Greenwich, wakafungua vipande vipande mwaka wote wa 1999. Westminster ilikuwa ya mwisho: kwa mwezi mzima treni zilikuwa zinapita pale bila kusimama, abiria wakichungulia, hadi tarehe 22 Desemba 1999. Siku tisa kabla ya sherehe. Jengo la wabunge la juu likafuata 2001, kwa pauni milioni 235 hivi, na magazeti yakachachamaa, hasa kuhusu mitini ya kukodi iliyowekwa ukumbini.

Kiroboto wa Ubungo

Wanakodi MITI?

Timazi

Miti, mkuu. Na mwaka huohuo wa 2001 jengo na stesheni viliingia pamoja kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Stirling, kubwa ya usanifu Uingereza. Hawakushinda.

Bint Mwembetanga

Nakuja huko mwezi wa nane kwa dada yangu. Nikitaka kuiona vizuri bila kusonywa nifanyeje?

Timazi

Karibu sana dada. Njoo baada ya saa tatu usiku, asubuhi usithubutu. Shuka kwa Jubilee ukitokea Waterloo, hivyo utaanzia chini kabisa. Panda ngazi za kwanza, SIMAMA KULIA. Ukifika katikati ya sanduku, toka pembeni kwenye ukingo, shika reli ya chuma, tazama chini kwanza ndipo juu. Juu kabisa utaona umbo la reli ya 1868 limekatiza kama daraja. Ikipita treni utasikia mngurumo juu ya kichwa.

Halafu panda hadi nje, vuka barabara, simama mguuni pa mnara na uhesabu hatua kurudi kwenye mlango. Mimi nilihesabu arobaini na nane, na nina miguu mifupi.

Mzee wa Theodolaiti

Ukienda tena na mkanda wa kupimia, niandikie. Hatua si kipimo.